Kutoka Kidato cha Sita Hadi Muhuri wa Bodi: Namna ya Kuwa Msanifu Majengo

Miaka 5 chuoni, kisha miaka ya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha mitihani ya Bodi inayosajili wasanifu. Hiyo ndiyo njia ya Tanzania, na anayekuahidi ya mkato mara nyingi anakuuzia kozi ya AutoCAD ya miezi mitatu. Kozi hiyo itakufundisha kuchora mistari. Kazi ya msanifu ni kuamua mistari ikae wapi na kwa nini, halafu kuutetea uamuzi huo mbele ya mwalimu, mteja, fundi na ofisa wa halmashauri. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kufuata jambo hilo moja. Nimeandika nikimfikiria anayesoma Tanzania, lakini wa Kenya, Uganda na Rwanda atakuta yanayomhusu njiani.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla hujaipenda

Mtaani kila anayeshika ramani ya nyumba anaitwa injinia. Tuzitenganishe kazi. Msanifu majengo anaamua jengo likae wapi kwenye kiwanja, watu waingilie wapi, jua lizuiwe vipi, hewa ipite wapi, maji ya mvua yaelekee wapi, na fedha ya mteja itumike kwenye nini kwanza. Mhandisi anahakikisha jengo halianguki. Mkadiriaji majenzi anajua litakula kiasi gani. Mkandarasi analijenga. Michoro ya wote hawa lazima ikubaliane, na ikigongana, simu ya kwanza inapigwa kwa msanifu.

Tafuta ofisi yoyote ya usanifu mjini kwako, omba ukae siku moja, na umwulize mtu wa pale jana ameshindaje. Usitegemee akwambie alikuwa anabuni ghorofa la vioo. Pengine alibishana nusu siku kuhusu mteremko wa bomba la choo, akaenda kwenye kikao cha eneo la ujenzi, akarudi kurekebisha ratiba ya milango. Ukitoka pale bado unaitaka kazi hii, endelea kusoma. Ukiona unachopenda ni kuchora picha tu, sanaa za uchoraji na ubunifu wa michoro zina heshima yake, na zitakuokolea miaka.

Hatua ya 2: Chagua masomo, kisha fundisha mkono

Tahasusi zinazowapeleka wengi kwenye Shahada ya Usanifu Majengo ni zile zenye Hisabati ya juu, hasa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati). Wenye stashahada ya fani za ujenzi nao wana mlango wao. Sifa kamili za kila chuo zimo kwenye mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huutoa kila mwaka. Usome wa mwaka wako mwenyewe. Kaka yako aliyedahiliwa zamani hajui kilichobadilika. Kwa Kenya, anayelenga kozi hii kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, aangalie masomo ya kundi la kozi mapema, akijua kwamba Hisabati na Fizikia ndizo zinazowaangusha wengi.

Kama shule yako haina somo la uchoraji, usihuzunike. Nunua daftari lisilo na mistari na futi ya mkanda ya mita 5. Pima chumba unacholala: urefu, upana, unene wa ukuta, upana wa mlango, kimo cha dirisha kutoka sakafuni. Kichore kwa skeli ya 1:50, yaani ukuta wa mita 3 uwe sentimita 6 kwenye karatasi. Weka kitanda na kabati mahali pake. Kisha jiulize: kwa nini mlango ukifunguka unagonga kitanda, na ungehamishiwa wapi? Hapo umeshaanza kusanifu. Rudia kwa jiko la mama, darasa, duka la Mangi, choo cha shule. Usichore kutoka kwenye simu. Picha ya simu imeshakuamulia kila kitu, imebana kina na kukata pembe, kwa hiyo unaishia kunakili.

Hatua ya 3: Chagua chuo ambacho Bodi inakitambua

Kwa Tanzania jina linalotajwa kwanza ni Chuo Kikuu Ardhi, kilicho juu ya kilima jirani na Mlimani, Dar es Salaam. Mizizi yake inarudi mwaka 1956 kwenye mafunzo ya upimaji ardhi. Mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Shahada ya usanifu pale ni miaka 5. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, nacho kinafundisha usanifu, na kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini ni jambo la maana kusoma kwenye baridi atakayokuja kuijengea.

Nairobi na JKUAT wanaigawa safari mara mbili: miaka 4 ya shahada ya masomo ya usanifu, kisha 2 ya shahada ya usanifu yenyewe. Usiishie kwenye ile ya kwanza ukadhani umemaliza. Makerere ni miaka 5. Kigali kuna shule ya usanifu ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na inakaa kwenye jengo ambalo peke yake ni somo.

Swali la kuuliza kabla ya ada, hosteli na umbali ni hili: shahada hii Bodi ya usajili ya nchi nitakayofanyia kazi inaitambua? Zipo kozi zenye majina yanayofanana, za ubunifu wa ndani, teknolojia ya majengo, usimamizi wa ujenzi. Ni kozi halali, ila hazikufikishi kwenye rejista ya wasanifu. Mzazi anayempeleka mtoto India, Uturuki au China aandike barua kwa Bodi kabla ya kununua tiketi, apate jibu la maandishi.

Waliotangulia hawakuwa na uchaguzi huu. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisomea Bombay. Beda Amuli, anayetajwa kuwa msanifu wa kwanza Mwafrika mweusi katika Afrika Mashariki, alisomea Haifa, Israel, kisha akaja kutubunia Soko la Kariakoo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya fedha isiyo ya ada

Ada inajulikana. Kinachowashtua watu ni karatasi, uchapishaji, kadibodi, gundi, visu na kompyuta. Unapoomba mkopo Bodi ya Mikopo, angalia si ada na chakula tu: kuna vipengele vya vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wa usanifu wanavihitaji vyote.

Kompyuta usinunue mwaka wa kwanza kama fedha ni ya kuungaunga. Subiri ujue programu gani zinatumika, kisha tafuta yenye RAM ya GB 16 na kadi ya michoro inayojitegemea. Iliyotumika lakini yenye nguvu inashinda mpya nyembamba ya kupendeza. Rula ya T, rula ya skeli, penseli za ugumu mbalimbali na kisu kizuri chenye mkeka wake wa kukatia, hivyo nunua siku ya kwanza. Waulize wa mwaka wa pili, wengi wanauza vyao.

Hatua ya 5: Studio, na namna ya kusimama mbele ya jopo

Masomo mengine yote, yaani miundo, vifaa vya ujenzi, historia, huduma za jengo, yanazunguka studio. Unapewa kazi: kituo cha basi, zahanati, nyumba ya familia yenye bibi asiyepanda ngazi. Unapewa kiwanja na wiki kadhaa. Mwisho unabandika michoro ukutani, unasimama, na wahadhiri wanaichambua mbele ya darasa zima. Wengi waliokuwa vinara kidato cha sita hutikisika hapa, kwa sababu hakuna jibu la nyuma ya kitabu.

Siku ya kwanza ya kazi, nenda kwenye kiwanja. Nenda asubuhi, rudi saa tisa alasiri. Andika jua linatokea wapi na linachoma wapi, maji yanatuama wapi, watu wamejikatia njia wapi, kelele inatoka upande gani. Njia ya miguu inayokatisha kiwanja ina taarifa nyingi kuliko ramani ya upimaji, na ukiiziba kwa ukuta, watu wataubomoa ukuta.

Kisha chora michoro mingi mibaya kwa haraka. Mitatu haitoshi. Anayeganda kwenye wazo la kwanza hutumia wiki zilizobaki kulitetea. Tengeneza modeli ndogo za kadibodi ya boksi la sabuni, zikatwe ovyo, zisimame kwa gundi na selotepu, uzigeuze kwenye jua halisi uone kivuli. Modeli nzuri nyeupe ni ya mwisho.

Panga muda kwa kurudi nyuma. Hesabu karatasi utakazobandika, weka saa za kila moja, kata siku moja ya uchapishaji kwa sababu printa ya jirani na chuo huharibika jioni ya kuamkia jopo, kisha uone siku ya kuacha kubadili wazo. Kukesha kuna sifa kubwa studio, watu wanajivunia kama medali. Mimi sioni sifa. Aliyekesha siku mbili husimama mbele ya jopo akasahau hata choo alikiweka wapi.

Ukisimama, anza na tatizo: nani atalitumia jengo, kiwanja kina nini, fedha ni ya namna gani. Halafu onyesha uamuzi mkubwa mmoja na yote yaliyofuata kutokana nao. Mchoro wa kukata jengo wima uuelezee zaidi ya ule wa sura ya mbele, kwa sababu ndio unaoonyesha hewa, mwanga na kimo. Neno la kuepuka ni “nimeona inapendeza”. Sema “nimesogeza ngazi huku ili mgonjwa wa machela asikatize wanaosubiri”. Mwombe rafiki akuandikie maoni ya jopo. Wewe mwenyewe kwa wakati ule hutasikia hata nusu. Na mhadhiri akikosoa, moyo usikudanganye kwamba anakuchukia. Anaugonga mchoro aone kama unasimama. Mteja atakuja kufanya vivyo hivyo, tena yeye ana fedha mkononi.

Hatua ya 6: Jifunze jua na upepo kwa namba

Kama nikiruhusiwa kuchagua somo moja la kukaza, ningechagua hili. Majengo ya vioo vitupu yanayoota Posta, Dar es Salaam, na Upper Hill, Nairobi, yamesanifiwa kana kwamba jua letu ni la Ulaya, kisha yanaendeshwa kwa viyoyozi kuanzia asubuhi.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mwezi Juni jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Desemba linahamia kusini, nyuzi 17 hivi tu kutoka utosini. Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.2, na upenu uliokaa usawa wa juu ya dirisha. Ili kulikinga lote na jua la mchana wa Juni upande wa kaskazini, zidisha 1.2 kwa tanjenti ya nyuzi 30: unapata sentimita 70. Upande wa kusini Desemba, kwa tanjenti ya nyuzi 17, sentimita 36 hadi 37 zinatosha. Upenu wa kawaida wa fundi wetu unaweza kufanya kazi hiyo bila gharama ya ziada, ilimradi madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini.

Mashariki na magharibi hesabu hiyo inakufa. Asubuhi na alasiri jua liko chini, linaingia moja kwa moja chini ya upenu wowote. Huko weka madirisha madogo, au veranda pana, au mwarobaini, au pangilia stoo, ngazi na vyoo vibebe joto la magharibi badala ya chumba cha kulala. Hivyo nyumba ya pwani inapenda kulala kwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Upepo nao una kalenda ambayo wavuvi wanaijua kuliko sisi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki katika miezi ya joto, Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi karibu wa kumi. Dirisha la kuingiza upepo bila la kuutoa upande wa pili ni kazi bure, kwa sababu chumba kilichojaa hewa hakipokei nyingine. Ukichora mpango wa nyumba, chora na mshale wa hewa unaoingia na kutoka kila chumba. Chumba kisicho na mshale, kirudie.

Ukihamia Njombe, Mbeya au Limuru, geuza akili. Pale Juni na Julai watu wanatafuta jua. Upenu wa kaskazini ufupishe, jua liingie, na ukuta mzito ulihifadhi hadi usiku, lakini kumbuka kwamba Limuru iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo fanya upya hesabu yako kwa latitudo ya pale.

Bati ni habari nyingine. Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya usanifu ya Pritzker, mwaka 2022, alianza kujulikana kwa shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Aliliinua paa la bati juu ya dari ya matofali ya udongo yenye matundu, hewa ya moto ikapata pa kutokea. Hakuna kiyoyozi pale. Kazi yake nyingine iko karibu nasi, Turkana nchini Kenya, kampasi ya Startup Lions, ambayo minara yake ya kupitishia hewa imefuata kichuguu cha mchwa.

Hatua ya 7: Soma majengo kwa miguu

Kila likizo chagua jengo moja, lipime, ulichore. Anza na Kariakoo. Lilifunguliwa mwaka 1975. Amuli alichukua jambo ambalo kila mtu amewahi kuliona, wachuuzi waliokaa chini ya mti, akalifanya miavuli ya zege inayotoa kivuli, inayopitisha hewa, na inayokusanya maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliumiza. Simama pale ujiulize ni nguzo ngapi zingehitajika kama paa lingekuwa la kawaida, na wachuuzi wangekaa wapi.

Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar. Pima upana wa vyumba vya nyumba za kale, utaona vingi havifiki mita 3. Sababu ni boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua chumba kiwe na upana gani. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zinazopumua. Fundi anayezipaka saruji kwa nia njema anafungia unyevu ndani, na baada ya misimu kadhaa ukuta unaanza kumomonyoka. Lamu, Bagamoyo na Kilwa utayakuta hayo hayo kwa lahaja nyingine. Baraza la nje la nyumba ya Kiswahili lipime pia: kimo chake, kina chake, kivuli chake saa kumi jioni. Kuna wasanifu wanaotafuta maneno makubwa ya “nafasi ya mpito kati ya umma na faragha” na bibi zetu wamelikalia miaka yote wakisuka ukili.

Hatua ya 8: Kompyuta, kwa wakati wake

ArchiCAD, Revit, AutoCAD na SketchUp zote utazikuta maofisini. Jua moja kwa undani, na nyingine kiasi cha kufungua faili la mwenzako. Autodesk, wenye Revit na AutoCAD, na Graphisoft, wenye ArchiCAD, hutoa leseni za bure kwa wanafunzi, kwa hiyo ile iliyovunjwa inayozunguka kwenye flashi, pamoja na virusi vyake, iache ipite. Picha za kung’aa za kompyuta zifanye mwisho. Jopo lenye uzoefu huziangalia kwa sekunde chache, kisha hurudi kwenye mpango wa sakafu kutafuta choo kisicho na dirisha.

Hatua ya 9: Fildi

Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu wengi huyachukulia kama muhuri wa kujaziwa fomu. Omba nafasi mapema, mwezi wa pili au wa tatu, kwa barua fupi na kurasa sita za kazi zako bora. Ofisi ndogo yenye miradi inayojengwa inakufaa kuliko kubwa ambayo itakuketisha kwenye ratiba za milango miezi miwili.

Ukifika eneo la ujenzi, heshimu mafundi. Salamu kwanza, mchoro baadaye. Fundi mkuu aliyejenga kwa miaka mingi atakuonyesha makosa ya mchoro kwa lugha ya upole sana: “Hapa injinia, tunafanyaje?” Maana yake ni kwamba hapajengeki. Uliza angefanyaje yeye, sikiliza, halafu ofisini uangalie kama njia yake inakubaliana na michoro ya mhandisi.

Vipo vipimo vya kubaki navyo kichwani. Kimo cha ngazi milimita 150 hadi 175, kina cha kukanyagia 280 hadi 300, na vimo viwili ukijumlisha na kina kimoja viwe karibu 600. Kutoka sakafu hadi sakafu mita 3.3, kwa kimo cha 165, ni ngazi 20 kamili, kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Njia ya kiti cha magurudumu iwe na mteremko wa 1 kwa 12. Kupanda sentimita 45 za msingi kunataka mita 5.4 za urefu, na ndiyo maana lazima uifikirie kabla kiwanja hakijaisha. Tofali la inchi 6 lina urefu wa milimita 450 na kimo cha 225. Chora kuta zako zigawanyike kwa vipimo hivyo, upunguze matofali ya kukatwa na chokaa cha kutupwa.

Andika kila siku ulichoona, kwa tarehe, na mchoro mdogo pembeni. Tabia hiyo utaihitaji kwenye hatua ya 11.

Hatua ya 10: Mwaka wa mwisho

Chagua mradi mdogo kuliko unaoutamani. Uwanja wa ndege umeshabuniwa na wanafunzi wengi mno, na haujawahi kumpatia yeyote kazi. Soko la samaki la mtaa wenye jina, lenye mifereji, barafu na harufu vilivyotatuliwa, litakupa mazungumzo marefu kwenye usaili. Huko huko kusanya kurasa 15 hadi 20 za kazi zako: mchoro wa mkono, modeli, mpango, na angalau karatasi moja ya maelezo ya kina ya ujenzi, kwa mfano ukuta unavyokutana na paa.

Hatua ya 11: Bodi

Shahada haikufanyi msanifu kisheria. Tanzania, chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, anayejiita hivyo lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo wengi wanaiita AQRB. Ukihitimu, jiandikishe mara moja kama mhitimu. Usisubiri upate kazi nzuri. Fanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, ujaze kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kwa kila hatua ya mradi: kukutana na mteja, michoro ya awali, kibali cha ujenzi, michoro ya kazi, zabuni, usimamizi, makabidhiano. Wengi hukwama kwa sababu wamefanya michoro tu miaka mitatu na hawajawahi kukaa kwenye kikao cha eneo la ujenzi. Mwambie mkuu wako wazi: sehemu hizi sijagusa, nipeleke. Kisha mitihani ya kitaalamu.

Kenya njia inafanana, Bodi ni BORAQS, na chama cha wataalamu ni AAK. Makubaliano ya kutambuana kati ya bodi za Afrika Mashariki yapo, hivyo usajili wa nyumbani ukiukamilisha, kuvuka mpaka kikazi kunawezekana kwa kufuata taratibu za upande wa pili.

Muhuri ukiupata, jihadhari na vishoka. Atakuja mtu na michoro iliyokwisha kuchorwa, atakuomba ugonge tu ili halmashauri ipitishe kibali, na fedha iko mfukoni. Ukigonga, jengo ni lako. Likianguka, jina linalosomwa kwenye michoro halitakuwa la kishoka.

Hatua ya 12: Kazi za kwanza

Mteja wa kwanza ni mjomba, shangazi, au rafiki wa baba. Heshima ibaki na mkataba uwepo, ukurasa mmoja unatosha. Andika utachora nini, utarekebisha mara ngapi bila malipo ya ziada, utatembelea eneo la ujenzi mara ngapi, na malipo yagawanywe kwa awamu: wazo la awali, michoro ya kibali, michoro ya kazi, usimamizi. Mwulize bajeti yake kabla ya idadi ya vyumba. Akisema “wewe chora tu, fedha tutaona”, mtafute mkadiriaji majenzi akupe makadirio ya haraka ya kila mita ya mraba kwa eneo hilo, umwonyeshe mjomba namba hiyo kabla hujachora ghorofa.

Usitume faili la kuchorea kwa WhatsApp. Tuma PDF, yenye tarehe na namba ya toleo, kwa sababu fundi atajenga kwa ile aliyoipata kwanza. Na mjomba akisema ya malipo “tutaongea”, mwambie kwa adabu kwamba wazo la awali ni zawadi yake, na michoro ya kibali itaanza siku awamu ya kwanza itakapoingia.